Siku Masikio Yalipohesabiwa

Paukwa!

Pakawa!

Nimesikia midomo mitatu. Wengine mnatafuna nini? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo kale, kale ya watu ambao hata mimi sikuwakuta, palikuwa na kijiji, na katika kijiji palikuwa na tabibu jina lake Ngwali. Alikuwa mtu mpole. Alifuga kuku wawili na hakuwachinja, kwa sababu alikwisha kuwazoea. Alijua majani ya homa, alijua majani ya tumbo, na alikuwa na kisu kidogo cha kupasulia majipu.

Watoto wa kijiji walimwogopa kuliko fisi.

Sababu ni hii. Mtoto akikataa uji, mama alimwambia, "Kunywa, au nimwite tabibu akukate masikio." Mtoto akilia, baba alimwambia, "Nyamaza, tabibu atakukata masikio." Asipolala, masikio. Akivunja mtungi, masikio. Ilikuwa njia rahisi ya kulea. Haikuhitaji fimbo, wala mtu kuinuka kwenye mkeka. Basi Ngwali akipita njiani, watoto walishika masikio wakatimua mbio, tii tii tii. Yeye alidhani ndivyo watoto wa siku zile wanavyosalimia.

Sasa alikuwapo msichana wa miaka sita, Siwema. Siwema akachomwa na mwiba wayoni. Hakusema, maana alijua mwiba ule ungempeleka kwa nani. Siku ya kwanza akachechemea. Siku ya pili wayo ukavimba, ukafanya jipu. Siku ya nne alfajiri alikuwa na homa, na uvimbe wa mtoki umemsimama kinenani. Mama yake akamwita Ngwali. Ngwali akatazama kwa mbali, kwa kuwa mtoto hakukubali kutazamwa kwa karibu, akasema jipu lile lipasuliwe leo, kabla jua halijatua. Mama akauliza, na kesho je? Ngwali akasema kesho wasimwite yeye, wawaite wachimba kaburi.

Alipogeuka kuchukua mkoba wake, Siwema hayupo. Amepanda ghala la mahindi kwa mguu mmoja, kajifungia ndani. Na mlango wa ghala lile ulikuwa wa kupita kikapu, au mtoto. Mtu mzima haingii.

Wanaume wakashauriana. Wakasema ghala libomolewe, mtoto ashikwe na watu wanne, mambo yaishe. Wakaleta shoka.

Ndipo akatokea Bi Mashavu. Bi Mashavu alikuwa bibi kizee aliyeamua magomvi ya mipaka na magomvi ya wakwe. Maneno yake yalikuwa machache. Jino lake lilikuwa moja.

"Mkimshika kwa nguvu atapona mguu," akasema. "Na anayefuata kuugua, mtamshika wapi? Atakimbilia mwituni."

Akaagiza jamvi litandikwe chini ya ghala. Akaita kijiji kizima, wakubwa kwa wadogo. Akasema amesikia kuwa kuna mtu anakata watoto masikio, na shitaka kama hilo haliachwi hivi hivi.

Wakaketi wote. Baba yake Siwema peke yake akasimama. Akaletewa kigoda, akasema amezoea kusimama.

Ngwali akaambiwa aje katikati.

"Ngwali, unashitakiwa kukata masikio," akasema Bi Mashavu.

"Ya nani?"

"Ndilo tunalotafuta."

Mkoba ukamwagwa jamvini. Majani. Kibuyu cha asali. Vitambaa vilivyofuliwa. Kisu kidogo. Kiazi kitamu cha kuchemsha, ambacho Ngwali aliomba arudishiwe. Masikio hakuna.

Mtoto mmoja akasema huenda ameyala. Bi Mashavu akakubali kuwa inawezekana. Akaamuru masikio ya kijiji yahesabiwe. Wakaanza na watoto. Moja, mawili, yapo. Moja, mawili, yapo. Watoto thelathini na mmoja, masikio sitini na mawili, yapo. Wakaingia kwa wakubwa. Moja, mawili, yapo. Moja, mawili, yapo. Wakafika kwa Mzee Pongwa. Moja.

Watoto wote wakamgeukia Ngwali. Mzee Pongwa akakohoa. Akasema la pili liling'olewa na punda wake mwenyewe, zamani, na angeshukuru habari hiyo isirudiwe mbele ya wakwe zake. Bi Mashavu akamuuliza damu ilizuiwa na nani. Akasema ilizuiwa na Ngwali.

"Basi nani aliyesema tabibu anakata masikio?" akauliza Bi Mashavu.

Watoto wakanyoosha vidole. Huyu kwa mama yake, yule kwa baba yake, pacha wawili kwa bibi yao. Na katika upenyo wa mlango wa ghala kikachomoza kidole kimoja chembamba, kikamwonyesha Baba Siwema.

Wakubwa wakaangalia jamvi. Bi Mashavu akawataka, mmoja mmoja, wamwambie mtoto wao, "Nilikudanganya." Ilichukua muda. Wengine neno hilo lilikuwa halijawahi kuwatoka kinywani.

Walipomaliza, sauti ikatoka ghalani.

"Kama hakati masikio, kile kisu ni cha nini?"

"Ni cha mguu wako," akasema Bi Mashavu.

"Kinauma?"

Ngwali akafungua mdomo aseme hakiumi hata kidogo. Bi Mashavu akamshika mkono. "Tumeshinda na jua hapa kuutoa uongo mmoja. Usituletee mwingine."

"Kinauma," akasema Ngwali.

"Mpaka lini?"

Ngwali akakuna kichwa. Miaka yote ile, hakuna aliyewahi kumuuliza.

Bi Mashavu akamgeukia Baba Siwema. "Na wewe, mbona hukai?"

Mkewe ndiye aliyesema. Akasema mumewe ana jipu takoni, leo siku ya tisa, analala kifudifudi, na ameapa kuwa ni mbu. Bi Mashavu akauliza kwa nini hakwenda kwa Ngwali.

Baba Siwema akatazama vidole vyake vya miguu. Mtu mzima, mwindaji, baba wa watoto watatu. Akasema polepole, "Nilipokuwa mdogo, mama aliniambia tabibu atanikata masikio."

Hakuna aliyecheka. Nanyi msicheke. Inasikitisha, mtu kuzeeka na woga aliotiwa angali na meno ya utotoni.

Akalazwa jamvini, watu wakageuza nyuso. Siwema akaambiwa ahesabu huko huko juu, kwa sauti, apate kujua maumivu yanaisha lini.

"Moja," akasema Siwema.

Baba yake akapiga ukelele.

"Bado sijamgusa," akasema Ngwali.

Siwema akaanza upya. Moja. Mbili. Tatu. Pwaa, jipu likapasuka. Baba Siwema akamwita mama yake, akawaita shangazi zake wote kwa majina. Saba. Nane. Tisa. Kumi. Kumi na moja. Akanyamaza. Ngwali akamwosha, akampaka asali, akamfunga kitambaa. Baba Siwema akainuka, akavuta kigoda, akaketi upande mmoja. Siku tisa hakuwa ameketi. Machozi yakamlengalenga.

"Inauma, mwanangu," akasema. "Halafu inaisha. Nilikudanganya, unisamehe."

Jua limeshainama. Kisha mlango wa ghala, kwiii. Siwema akashuka kwa makalio, kidato, kidato, kidato, mpaka chini. Akaegemea goti la baba yake. Mkono mmoja akampa baba yake. Mkono wa pili ulishika sikio, kwa tahadhari tu. Akamnyooshea Ngwali mguu.

"Hesabu wewe, baba."

Baba akahesabu. Moja. Mbili. Pwaa. Siwema akalia, akalia kweli kweli, na katika kijiji kizima hakuna aliyemwambia nyamaza. Saba. Nane. Tisa. Akaacha.

"Tisa," akasema, akivuta kamasi. "Wewe kumi na moja."

Akaliachia sikio lake.

Mguu ukapona. Bi Mashavu akaishi miaka yake, akafa, akazikwa, na kijiji hakikumjengea chochote. Kilichobaki ni desturi. Mtoto akipelekwa kwa tabibu haambiwi ataumizwa kwa kosa lake, wala haambiwi haitauma. Anaambiwa, "Itauma, mimi nipo, tuhesabu." Wengi huishia tano. Kumi na moja haijafikiwa tena.

Funzo ninalowaachia ni hili, na nawaambia hasa nyinyi wakubwa mnaojifanya mmesinzia: msimtishe mtoto kwa mtu ambaye kesho mtamwomba amponye.

Hadithi yangu imekomea hapo. Shikeni masikio. Yapo yote mawili? Haya, nendeni mkanawe mikono.