Daftari la Karani Chitanda

Kuna mchezo mmoja wa sataranji ambao nimeufikiria mara nyingi na sijapata jibu lake: yule aliyeshindwa, je, alishindwa kweli? Ukifika mwisho ukalijua jibu, niambie.

Katika mji mmoja mdogo wa reli palikuwa na kinyozi aliyeitwa Hoza. Nje ya kibanda chake aliweka benchi na ubao wa sataranji. Wachezaji walikuwa wengi na ubao ulikuwa mmoja, kwa hiyo akaweka sheria: aliyeshindwa anainuka, anampisha mwingine, na harudi tena hadi kesho.

Bingwa wa benchi hilo alikuwa Chitanda, karani wa stesheni. Wengi aliwainua kabla chai yao haijapoa. Lakini akicheza na Shemdoe, fundi baiskeli, mchezo ulikula alasiri nzima, mara nyingi hadi kibanda kinafungwa.

"Karani, hata huyu amekushinda kumwinua?" Hoza aliuliza siku moja.

"Huyu mgumu," Chitanda alijibu, huku akiandika kila hatua katika daftari lake, kama alivyozoea kuandika treni zinazoingia na kutoka.

Shemdoe alivimba kichwa. Ikiwa wengine wanadumu robo saa na yeye anadumu saa tatu, basi amebakiza kidogo tu kumpata bingwa. Pale benchini ndivyo walivyopimana, kwa muda wa kukaa.

Chitanda akastaafu. Asubuhi ya kurudi kwao Masasi alimkabidhi Shemdoe lile daftari.

"Humu mna michezo yetu yote. Isome."

"Unakimbia, Karani! Umeona nimekukaribia."

"Nakimbia, ndiyo," Chitanda alicheka. "Nipigie simu basi, unitukane vizuri."

Shemdoe hakupiga. Alijiapiza kwamba siku atakayopiga atakuwa na uwezo wa kumfunga. Akanunua kitabu cha sataranji kilichokwisha kung'oka jalada, akakisoma kati ya tairi moja na jingine, kete zikiwa zimepangwa juu ya sanduku la spana. Daftari hakulifungua, maana aliamini anayajua yaliyomo.

Kila alipogundua hatua nzuri aliinua macho amwonyeshe mtu, na mtu huyo hakuwapo. Baadaye akawa yeye bingwa wa benchi. Aliwainua watu mmoja baada ya mwingine, na jioni alirudi nyumbani peke yake.

Ilipita miaka saba kabla hajalifungua daftari.

Aliupanga mchezo wa kwanza hatua kwa hatua. Alipofika katikati, mkono ulisita. Chitanda alikuwa amebakiza hatua moja tu: malkia asogee, mfalme wa Shemdoe akose pa kukimbilia. Badala yake alikuwa amerudisha farasi nyuma. Mchezo wa pili, vilevile. Wa tano, mara tatu katika alasiri moja.

Shemdoe wa miaka ile asingeweza kuyaona hayo. Ilibidi asome kwanza.

Alilibeba daftari hadi kwa kinyozi.

"Hoza, mimi sikuwa mgumu. Angenimaliza, ningeinuka, na yeye alitaka nikae naye."

Hoza alisimama, wembe mkononi. "Na sheria ilikuwa yangu," alisema.

Siku hiyohiyo Shemdoe akapiga simu. Ilipokewa na Somoe, binti wa Chitanda.

"Shikamoo, Mzee Shemdoe! Baba alikwisha kudhani umemsahau. Kila alasiri anapanga kete, anazitazama, anazirudisha kwenye boksi. Huku hana wa kucheza naye."

Shemdoe alifunga karakana, akapanda basi. Alimkuta rafiki yake barazani. Macho yalikuwa yamefifia. Kila kete aliisogeza karibu na uso ndipo aitambue.

"Karani, kwa nini hukunimaliza?"

"Umekuja kucheza au kunihoji? Kaa."

Walicheza. Haikupita nusu saa, Shemdoe akaiona nafasi ileile, safari hii upande wake. Alishika malkia, akasita.

"Nikikufunga je?"

"Unifunge. Unaona foleni ya nani hapa?"

Wakakubaliana palepale kwamba katika baraza ile aliyeshindwa hainuki. Shemdoe akasogeza malkia. Wa kwanza kuitekeleza sheria mpya akawa Chitanda mwenyewe: alifungwa, akabaki kitini, akaanza kupanga kete upya, akizipapasa moja moja.

Funzo: Ukimkumbuka mtu, mwendee ungali hivyo ulivyo, kwa maana miaka unayoitumia kujiandaa, mwenzako anaitumia kukungoja.