Bamba la Plau ya Mama Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Aka! Hamjala leo? Paukwa!

Pakawaaa!

Naam, sasa mmeamka.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa wakilima. Mama Kanga alikuwa na vifaranga kumi na wawili na kikapu kimoja cha mbegu. Mwaka uliopita walilala njaa. Safari hii akawaita jirani zake: Maksai avute plau, Ngiri ashike vishikio nyuma. Mawingu yalikuwa yameshatanda.

Maksai akavuta. Hatua kumi tu, huyo, kasimama. "Nzito hii! Punguzeni chuma!"

Ngiri, mjuaji yule, akainama. "Ulimi huu wa mbele ndio unaokata ardhi. Hili bamba lililopinda ubavuni linakata nini? Linatutoa jasho la bure!"

"Baba Ngiri, aliyeliweka si mjinga," akasema Mama Kanga.

"Mama, mimi nachimba kwa meno tangu nizaliwe. Kaa pembeni."

Wakalifungua, wakalitupa majanini, pwaa!

Heee! Plau ikawa nyepesi. Chwa, chwa, chwa, shamba likaisha kabla ya adhuhuri. Mama Kanga akaja na kikapu chake. Akatazama. Udongo ulikuwa umepasuliwa mistari mizuri, kisha ukarudi kulala palepale. Nyasi zimesimama juu, kijani, hazina habari.

Mama Kanga akalia. "Mbegu nizitie wapi? Wanangu watakula nini?"

Ngurumo ikapiga, ngurururu! Ngiri akainama tena, akautazama udongo. "Mama, nimekosa. Ulimi unakata tu. Kinachogeuza udongo ni lile bamba nililolitupa."

Mbio, wakalifunga tena. Maksai hakunung'unika, aliona haya. Akainamisha kichwa, akavuta. Ulimi ukakata, kraa! Bamba likaupokea udongo, likaupandisha, likaupindua, gubi! Nyasi chini, udongo mweusi juu. Semeni nami: kraa, gubi!

Kraa, gubi!

Vifaranga nyuma wanadonoa funza, mama yao anatia mbegu. Mvua ilipoanza, pa, pa, pa, mbegu ya mwisho ilikuwa imefukiwa. Wakacheza matopeni wote, Ngiri akiongoza, mkia juu! Na mwaka ule vifaranga walishiba mpaka wakashindwa kukimbia.

Basi wanangu, nanyi wazazi mnaojifanya hamsikii: usitupe kitu kwa kuwa hujaijua kazi yake. Uliza kwanza.

Hadithi yangu imeishia hapo, shambani kwa Mama Kanga. Mwenye njaa akalime!