Saa ya Shemboza Mkononi mwa Kaoneka

Pumzi ya mwenzio haikupandishi mlima. Mmeisikia leo, wajukuu zangu, mnauliza imetoka wapi. Mimi nilisimuliwa na Mama Hoza mwenyewe, msimu uliopita wa maharage, tukipukuchua uani kwake. Anasema ilizaliwa siku aliyomzika mumewe.

Shemboza, rafiki wa marehemu, alikuwa mgonjwa wa moyo. Hospitali walimwambia atembee kila siku, moyo ufanye mazoezi, ila kwa kipimo. Wakampa saa ya mkononi inayosoma mapigo ya moyo. Ikiwaka kijani, tembea. Ikiwa ya njano, punguza mwendo. Ikiwa nyekundu inalia, nawe unakaa chini.

Sasa, makaburi yetu yako juu mlimani, na jeneza hupandishwa kwa mabega. Mwanamume wa rika la marehemu hawezi kulitazama tu likipita. Shemboza akaona haya, saa isije ikamlilia mbele za watu. Akaivua, akamvika Kaoneka, mpasua mbao mwenye kifua kama pipa.

"Nivalie hii, bwana." Akaingiza bega.

Katikati ya mlima jasho likamtiririka. "Kaoneka, saa inasemaje?"

"Kijani."

"Basi twende."

Mbele kidogo akauliza tena, sauti imekatika.

"Kijani kibichi. Wewe mzee utatuzika sote."

Hapo Shemboza akapepesuka, bega likamtoka chini ya jeneza. Wenzake wakaliwahi jeneza, wakalishusha. Mama Hoza akaja mbele. "Saa yake iko wapi?"

"Hii hapa, mama," Kaoneka akanyoosha mkono. "Inasema hajambo."

"Inasema wewe hujambo. Mrudishie."

Ilipogusa mkono wa Shemboza ikawa nyekundu, ikalia. Mawingu ya mvua yalikuwa yanakuja, watu wakatazamana.

"Kaeni," akasema Mama Hoza. "Mume wangu hana haraka tena. Huyu bado tunamhitaji."

Wakaketi majanini, waombolezaji wote, mpaka nyekundu ikafifia kuwa njano. Ndipo vijana wakamteremsha hadi barabarani, gari la mchungaji likampeleka hospitali, na wengine wakalipandisha jeneza kaburini. Daktari akasema amewahiwa.

Jioni, kitandani, Shemboza akamwambia Kaoneka aliyekuja kumwona, "Nilipanda kwa kifua chako, ndugu yangu."

"Pumzi ya mwenzio haikupandishi mlima," Kaoneka akamjibu, macho chini.

"Kweli. Mwambie Mama Hoza nashukuru. Alinisubiri na msiba wake mkononi."

Akalala. Kaoneka akabaki kwenye benchi akiitazama saa mkononi mwa mwenzake, sasa ikiwaka kijani, mpaka naye usingizi ukamchukua.