Mkono Juu ya Kinu

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa kinu.
Kina nini?
— Kina ufa.
Kipasuliwe kuni?
— La, kisimuliwe!

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wakisalimiana njiani, Nungunungu alifiwa na mkewe. Mke alipougua, mbegu za mtama zilipikwa uji wa mgonjwa, kibaba baada ya kibaba. Mke akaenda zake, ghala likabaki tupu. Sasa mawingu ya vuli yalikuwa yamesimama juu ya kilima, na shamba lilitaka vibaba vitano vya mbegu. Bila mbegu, ni mwaka mzima wa njaa.

Nyumbani kulikuwa na kitu kimoja cha kuuzika: kinu cha marehemu. Nungunungu akakifuta vumbi, akatwaa na mchi wake, akakiviringisha, akakiviringisha, akakiviringisha mpaka Gulio la Vikuukuu.

Gulio lile lilikuwa na ada yake. Muuzaji huonyesha ila, yaani kasoro ya kitu, kabla hajaulizwa. Mnunuzi huweka mkono juu ya kitu, ndipo hutaja bei. Mkono wake ukiwa juu, wengine husubiri. Na muuzaji akisema "Chukua," basi umenunua, upende usipende.

Asubuhi akaja Fisi. Hakusalimu.

"Hiki ni kinu au kisiki?"

"Ni kinu, Bwana Fisi. Kina ufa huu ukingoni, haufiki chini. Vibaba vinane vya mbegu."

"Vinane! Kimechakaa kama mwenyewe aliyekufa. Konzi moja ya mbegu."

Miiba ya Nungunungu ikasimama. Akailaza. "Bwana, taja ila, usitukane. Matusi hayapunguzi bei. Ongeza."

"Jioni utanifuata nyuma!"

Adhuhuri akarudi. "Nusu konzi!"

"Ongeza, Bwana."

Alasiri akarudi tena. "Nikubebee bure, nikakipasue kuni!"

"Ongeza, Bwana. Hujafika."

Nungunungu hakutikisika. Mkewe alizoea kusema kwamba anayekitukana kitu mara tatu anakitaka mara nne.

Ndipo akaja Bi Kanga.

"Hodi penye biashara."

"Karibu, Bi Kanga."

"Pole na msiba, jirani."

"Nimeshapoa."

"Kinu kizuri. Na huu ufa?"

"Ulitokea mwaka wa jua kali. Haufiki chini, pitisha kidole."

Bi Kanga akaukagua, akaweka ubawa juu ya kinu. "Vibaba vitatu."

"Hapo umeninawisha mikono, chakula bado. Saba."

"Jirani, nina vifaranga kumi na wawili, wote midomo wazi! Vinne."

"Na mimi nina shamba, mdomo wazi. Sita."

Wakacheka. Nungunungu akashangaa kuisikia sauti yake ikicheka.

Bi Kanga alikuwa anafungua mdomo aseme vitano, mara Fisi akaruka, akabandika mguu juu ya kinu.

"Kumi!"

Alikuwa amepiga hesabu zake. Ubawa wa Bi Kanga ungali juu ya kinu, kwa hiyo Nungunungu hawezi kumwambia "Chukua." Bi Kanga ataogopa, ataondoka. Yeye atatoa mguu acheke, na jioni kinu kitakuwa chake kwa konzi moja.

Nungunungu hakumtazama Fisi. "Bi Kanga," akasema taratibu, "ubawa wako haujachoka?"

Bi Kanga akamtazama Nungunungu. Akautazama mguu wa Fisi. "Umechoka kweli, jirani." Akauinua.

"Chukua!" akasema Nungunungu.

"Amenunua!" likapokea gulio. "Amenunua! Amenunua!"

"Nilikuwa natania!"

"Mdomo ulitania," akasema Chura, muuza mikeka, "mguu je?"

Fisi akapima vibaba kumi, na mfuko wake ukalegea kama shavu la kikongwe.

"Na mchi?"

"Mchi hukuutaja, Bwana Fisi."

Akabaki na kinu pasipo mchi, wala punje ya kutwanga. Bi Kanga akaweka ubawa. "Bwana Fisi, kina ufa. Vibaba viwili."

Fisi akataka kukitukana kinu, akakumbuka kuwa sasa ni chake. "Chukua," akanung'unika.

Nungunungu akaushika mchi katikati, pale mikono ya mkewe ilipoulainisha. Akaushika kidogo tu. Kisha akampa Bi Kanga.

"Nyongeza."

"Jirani, hii nitailipa nini?"

"Nyongeza hailipwi. Twanga."

Vuli ikanyesha. Nungunungu akapanda shamba zima, na alipoinama kupalilia akasikia kutoka kwa Bi Kanga: twa, twa, twa. Akaendelea kupalilia.

Basi, wasikilizaji: punguza bei, usipunguze utu, na usitaje bei usiyotaka kulipa.

Hadithi yangu ni kuukuu, nami nimeirithi. Ikikupendeza, chukua. Ukiona ufa, pitisha kidole: haufiki chini.