Mjomba Chui Anachagua Mtoto

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanafunga milango na kubandika vyungu, Bi Paka aliishi msituni na wanawe. Asubuhi moja Mjomba Chui alipiga hodi, na Kidoti, kitindamimba wa nyumba ile, akaingia mvunguni akitetemeka.

Msimcheke. Chui alikuwa kaka wa mama yao, na kwa mila yao mjomba akiomba mtoto wa kulea hanyimwi. Msimu uliopita alimchukua Shanga, dada yake Kidoti, yule mnene. Siku ya kuagana Kidoti alimfunga dada yake uzi mwekundu shingoni ili wasisahauliane. Tangu hapo Shanga hakurudi hata kuja kuamkia. Kila mama alipouliza, Chui alijibu kwamba hajambo, amekua, ana shughuli nyingi.

Sasa amerudi.

"Nyumba yangu imepooza, dada," akasema. "Nipe mwingine. Lakini awe mzima. Sitaki mtoto wa kushinda na dawa."

Watoto wakapangwa ukumbini. Nyinyi mnaochagua paka kwa rangi ya manyoya tu, sikilizeni mjuzi alivyochagua. Alimtomasa Mshamu tumbo, akalikuta limevimba na gumu. Akasema ni minyoo, akamsukuma kando. Akamtazama Tumu macho, yamejaa tongotongo. Naye akaachwa.

Akamfikia Kidoti. Macho maangavu. Pua safi, haina kamasi. Masikio hayana ukurutu, ufizi haujapauka, manyoya yanang'aa. Chui akambonyeza mbavu taratibu, kama mtu anayechagua papai sokoni.

"Huyu," akasema, akameza mate.

Bi Paka alitabasamu kwa fahari, maana ndiye aliyemlea vizuri hivyo. Chui akapiga mwayo mrefu, na pale nyuma ya jino kubwa, Kidoti akaona uzi mwekundu umenasa.

Alitaka kupiga kelele. Nani angemwamini mtoto mbele ya mjomba mtu? Na hata angeaminiwa, ni nani ndani ya nyumba ile angemzuia Chui? Hofu ilimjaa mpaka kwenye ncha ya mkia. Akayameza machozi, akasogea.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimefurahi umenichagua. Ila majirani wana maneno. Wanasema umezeeka, una kifua, utaniambukiza kikohozi. Niruhusu nami nikukague, nikawazibe midomo."

Chui alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni kupenda sifa. Akajinyoosha, akamwambia akague atakavyo.

Kidoti akamtazama macho, akayasifu. Akamtazama masikio, akayasifu zaidi. Kisha akaburuta mtungi mtupu wenye shingo nyembamba.

"Kifua hupimwa humu. Ingiza kichwa, vuta pumzi, halafu unguruma. Mwenye kifua kibovu, mtungi humkoholea."

Chui akaingiza pua.

"Mbele kidogo, Mjomba. Na masikio."

Masikio yakalala, kichwa kikapita, pu! Chui akanguruma. Nguuu! Mlio ukamrudia mwenyewe, ukamziba masikio. Akavuta kichwa, hakitoki. Akavuta tena, wapi!

"Mama," Kidoti akasema, "nimeuona uzi wa Shanga kwenye meno yake."

Bi Paka akausogelea mtungi, akauliza polepole, "Kaka, mwanangu yuko wapi?"

Ndani ya mtungi ikatoka sauti ya kubembeleza. "Nitoeni kwanza, dada, tuzungumze."

Mwenye mtoto hai angesema yuko hai. Bi Paka akaelewa. Kulia kulikuwa kwa baadaye. Akambeba Tumu kwa meno, akamsukuma Mshamu mbele, wakatoka mbio, Kidoti nyuma yao. Walisikia mtungi ukigonga kuta, ko, ko, ko, halafu wakasikia ukipasuka. Hawakugeuka. Walikimbia mpaka walipoona moshi wa binadamu, wakapenya jikoni, wakajificha nyuma ya mafiga. Jioni ndipo Bi Paka alipomlilia Shanga. Msituni hawakurudi tena.

Ndiyo maana hata leo ukimwita paka haji mbio. Atakunusa vidole kwanza, atakutazama usoni, na ukipiga mwayo atakukodolea macho mdomoni. Msidhani ni maringo, wanangu. Anatafuta uzi mwekundu.

Anayekuja kukuchagua, nawe mkague.