Chumvi Nyuma ya Pazia

Inasimuliwa, na waliosimulia hawakuwa watu wa kutia chuku, kwamba huko Bara Hindi, katika nchi ya Kachi, palikuwa na mjane mcha Mungu aitwaye Hirbai, mpishi wa hekalu. Katika hekalu lile Mola wao, Krishna, aliabudiwa kwa sanamu yenye sura ya mtoto mdogo. Asubuhi huamshwa kwa nyimbo, huogeshwa, huvishwa, na adhuhuri huandaliwa chakula. Kisha pazia hushushwa ale kwa faragha, na kinachobaki ndicho watu hugawiwa kuwa baraka. Na sheria ya jiko lile, chini ya kuhani ambaye watu walimwita Maharaji, ilikuwa kali: mpishi haonji. Nani amtangulie Bwana wake kwenye sahani?

Hirbai hakujaaliwa mtoto. Mapenzi yote ya mama aliyokosa pa kuyaweka, aliyaweka pale. Alipika akiimba, macho kayafumba, machozi ya furaha yakimtiririka. Siku moja ya sikukuu alipika wali wa maziwa, akazama katika wimbo wake hata asijue mkono unachota wapi.

Sahani ilikwisha pelekwa, pazia limeshuka, ua umefurika watu wenye njaa, ndipo alipokwenda kufunika vyungu vyake. Cha sukari kimejaa pomoni. Cha chumvi kimefika nusu.

"Ole wangu, Jamkuben!" akamwita shoga yake aliyekuwa akiosha masufuria.

Jamkuben akachungulia, akaelewa. "Nyamaza, dada. Watakula na watasema tamu. Nani atathubutu kuitoa kasoro baraka? Ukisema, Maharaji atakufukuza jikoni."

"Na yeye?"

"Yeye nani?"

"Aliye nyuma ya pazia! Si anakula sasa hivi?"

Hirbai alijua vyema kwamba afunuaye pazia Bwana akiwa chakulani hana tena nafasi katika hekalu. Na akitolewa jikoni, atakapopambazukiwa atamwamkia nani? Lakini miguu ikawa imekwisha kwenda. Akapita katikati ya watu, akalifunua pazia, akainyakua sahani.

"Usile, mwanangu, usile! Mama amekosea!"

Ua mzima ukashika vinywa. Maharaji alikuwa mtu wa elimu na wa hasira vilevile.

"Mwanamke! Umeingiwa na nini?"

"Nimetia chumvi mahali pa sukari, Maharaji."

"Umejuaje? Umeonja?"

"Hasha! Nimeviona vyungu."

"Basi si ungesubiri amalize!"

"Mwanao akitiliwa chumvi kwenye maziwa, Maharaji, wewe utasubiri amalize? Nifukuze, sikatai. Lakini niache kwanza nimpikie kingine, asishinde na njaa."

"Na sisi je, mama?" sauti ikatoka nyuma, na watu wakaangua kicheko.

Maharaji hakucheka. Alichovya kidole sahanini, akaonja, uso ukamkunjamana kama aliyetafuna ndimu. Kisha akaketi kwenye ngazi, akalitazama lile pazia.

"Tangu ujana wangu nashusha pazia hili," akasema. "Nashusha, nangoja, napandisha, nagawa. Haijanipitia akilini hata siku moja kwamba kuna anayekula."

Akajifuta macho, akainuka. "Haya, Hirbai, jikoni. Wewe imba. Sukari nitatia mimi."

Siku hiyo watu walikula alasiri, wala hakuna aliyenung'unika, ila mzee mmoja aliyedai kwamba sukari imezidi. Na Hirbai alilitumikia jiko lile mpaka Mola alipomchukua.

Basi zingatieni, enyi wapenzi wa Mola. Kuzijua kanuni za ibada si haba, na wanaozijua ni wengi. Lakini anayemwacha Mola wake ale chumvi kwa kuogopa watu, huyo amekiri kwa kitendo chake kwamba watu ndio anaoamini wapo.