Kabureta ya Nyangeta

Fundi Nyangeta alihangaika miaka mitatu kutafuta kabureta nyingine ya pikipiki yake ya kizamani. Mji mzima ilikuwepo moja tu iliyofaa, kwenye pikipiki ambayo tajiri Chihoma aliiweka sebuleni kama pambo.

"Sikuuzii hata skrubu, mama!" Chihoma alifoka.

Kesho yake Nyangeta alirudi na kabureta iliyong'aa kama kioo. "Nimekuja kukuringishia tu, bosi."

Chihoma aliitazama yake, imejaa kutu. "Tubadilishane!"

"Thubutu! Hii ni ya marehemu babu."

"Nakuongezea jogoo."

Nyangeta alijiliza kidogo, akakubali.

Jioni alimpitia Chihoma barazani, pikipiki ikinguruma.

"Kumbe ile kutu inawaka?"

"Kutu ilikuwa ya nje tu, bosi."

"Na yangu?"

"Imetoboka ndani, lakini kwa sebuleni haina mpinzani!"